Kadi ya Redio na Tone la Rangi ya Kucha

Uovu ninaouandika hapa ni dhana mbaya, na aliyeutenda ni mimi. Watu wa makamo hupenda kuyaandika makosa ya wengine na kuyaita mafunzo. Hili ni langu, na sitalipamba.

Mimi ni msimamizi wa mitambo katika shirika dogo la hapa Juba linalounganisha shule na mtandao. Ofisi yetu iko Malakia, katika nyumba ya zamani yenye kuta nene. Juu ya paa la mabati pana mlingoti, na juu ya mlingoti antena inayotazama upande wa daraja, ambako, kule Sherikat, iko shule ya sekondari tunayoihudumia. Kati ya waya wa ofisini na antena ile kuna kisanduku cha chuma kisichozidi ukubwa wa kitabu cha nyimbo. Hicho ndicho ruta. Ndani yake mna bodi moja ya kijani na, imechomekwa pembeni, kadi ya redio inayozungumza na antena. Sikuinunua ikiwa imekamilika. Niliiunga kipande kwa kipande, nikaiwekea mfumo kwa mikono yangu, na nilijivunia kazi hiyo kuliko inavyomfaa mtu apendaye kuwahubiria wengine unyenyekevu.

Kabla ya kuja huku nilifundisha fizikia nyumbani Kenya kwa miaka mingi. Kama Mkenya yeyote aliyewahi kupeleka kifaa kwa fundi, nilikua nikijua kwamba redio huweza kurudi na sura ile ile na matumbo mengine. Marehemu baba yangu alikuwa na dawa ya jambo hilo. Kabla ya kupeleka kitu kutengenezwa alikifungua, akachukua chupa ya rangi ya kucha ya mama, akatia tone dogo kwenye kila kipande chenye thamani. Aliporudishiwa, alikifungua tena pale pale mbele ya fundi na kuyatafuta matone yake. Mafundi walimchukia, naye aliihesabu chuki hiyo kuwa heshima. Niliirithi desturi ile pamoja na moyo ulioizaa. Kila kadi iliyoingia ofisini kwetu niliitia tone jekundu, na sikumwambia mtu. Mwaminifu hana haja ya kuijua alama, nilijiambia, na mwizi hapaswi kuijua.

Msaidizi wangu alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, baba wa watoto watatu, mwenyeji wa Sudan Kusini aliyelelewa kambini Kakuma na kurudi kwao na vyeti viwili vya ufundi na Kiswahili cha Kenya. Aliniita ustaz, kama walimu wanavyoitwa hapa. Yeye ndiye aliyeshika funguo za kabati la vifaa. Alikuwa mkimya. Ukimya wake niliusifu kwa miaka miwili, kisha kwa siku mbili niliugeuza kuwa ushahidi.

Kiangazi kilikuwa kimeingia na vumbi lake. Siku ya Jumatatu nilimwagiza msaidizi azifungue ruta zote na kuzisafisha, na agizo hilo nililiandika mwenyewe katika daftari la kazi. Jumanne asubuhi nikafanya sehemu yangu, yaani kubadilisha kiini cha mfumo. Kila mfumo wa kompyuta una kiini, ambacho mafundi hukiita kerneli. Ndicho kinachoketi kati ya programu na vyuma na kuvipatanisha. Kiini chetu kilikuwa kimezeeka, na waliokitengeneza walikuwa wametoa onyo kwamba kina tundu ambalo mhalifu angeweza kupitia. Mimi si mtu wa kupuuza tundu. Kumbukumbu ya kisanduku kile ni ndogo, haibebi viini viwili. Nikakifuta cha zamani, nikapakia kipya, nikaiwasha ruta upya.

Taa ya waya iliwaka. Taa ya redio haikuwaka.

Niliuagiza mfumo unitajie vifaa unavyoviona. Kwa miaka miwili ulikuwa ukiitaja kadi ile kwa jina la kampuni iliyotuuzia. Sasa haukutaja jina lolote, ila namba mbili tupu, na kando yake neno la kusema kwamba kifaa hicho haukijui. Nikachukua bisibisi, nikakifungua kisanduku, nikaichomoa kadi na kuigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Tone jekundu halikuwepo.

Ninakumbuka kwamba nilichosikia hapo hakikuwa huzuni. Kilikuwa kitu kinachokaribia furaha: nilihisi baba yangu ananitikisia kichwa kwa kuniridhia. Kanuni ya kwanza ya ufundi inasema kwamba kifaa kikikataa baada ya badiliko, lichunguzwe kwanza badiliko. Nimeifundisha kanuni hiyo darasani. Nimewahi kumpunguzia mwanafunzi alama kwa kuisahau. Lakini badiliko lilikuwa langu, na kadi ilikuwa imeshikwa na mwingine.

Dhana ikishapata kiti, huita jamaa zake. Nikakumbuka kwamba Jumatatu msaidizi alitoka mapema. Nikakumbuka kwamba huenda kando anapopokea simu. Mlinzi wa lango, nilipomdokezea kidogo tu, aliniambia kwamba amewahi kumwona katika soko la Konyo Konyo, kwenye vibanda vya vifaa vikuukuu, si mara moja. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea. Methali ni kama kisu, haiulizi imeshikwa na nani.

Nikamwita mezani kwangu, wenzetu wote wakiwa chumbani, nikamwambia aniachie funguo za kabati kwa sababu kuna ukaguzi. Aliuliza ukaguzi wa nini. Nikasema ukaguzi ni ukaguzi. Aliziweka funguo juu ya meza polepole, kama mtu anayeweka yai.

“Ustaz, kama ni mimi unanishuku, niambie kwa mdomo,” alisema. “Usiniambie kwa funguo.”

Nikamjibu kwamba mwenye dhamiri safi haogopi ukaguzi. Ni sentensi nzuri, yenye ubaya mmoja tu: sijawahi kumsikia mtu mwema akiitumia.

Alasiri hiyo niliandika barua kwa mkurugenzi wetu, mudir kama wanavyomwita ofisini, mwanamke wa hapa hapa Juba, asiye na maneno mengi. Nilieleza kwamba kadi halisi imetolewa na bandia kuwekwa mahali pake, kwamba aliyefungua kisanduku mara ya mwisho ni mmoja, na kwamba napendekeza aachishwe kazi. Aliisoma mara mbili. Akaniuliza kama nimemwuliza mwenyewe. Nikasema mwizi haulizwi, huchunguzwa.

“Nitaisaini Ijumaa saa nne,” alisema. “Huyu ana watoto watatu, na katika mji huu mtu akitoka ofisini kwa wizi, hakuna ofisi nyingine itakayomfungulia mlango. Mpaka Ijumaa uwe na hakika, si maneno.”

Hakika nilikuwa nayo tayari. Nilichokosa ni kadi yenyewe, na vitu vinavyotoka makabatini mwa watu hapa Juba huonekana tena Konyo Konyo. Jumatano asubuhi niliitia ile niliyoiita bandia katika bahasha, nikapanda boda boda, nikashuka sokoni.

Niliulizia katika vibanda viwili bila faida. Cha tatu kilikuwa cha mwanamke Mganda wa rika langu, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa, akiunganisha waya kwa risasi ya moto na kunung'unika na waya wenyewe. Juu yake zilining'inia chaja, redio, vipaza sauti na ruta zilizokufa kwenye ofisi nyingi. Chini ya meza palikuwa na betri kubwa ya sola. Nilijifanya mnunuzi. Nilimwonyesha kadi na kumwuliza kama anayo nyingine kama hii. Aliitazama, akanitazama mimi, akasema kwamba moja ninayo mkononi tayari, ya pili ni ya nini. Nikaona ujanja hausaidii, nikamwuliza wazi kama wiki hii alikuja mtu mrefu, mkimya, mwenye Kiswahili cha Kenya. Akasema ndiyo, alikuja Jumatatu, na huja karibu kila mwezi. Moyo ulinidunda kwa ushindi. Nikamwuliza aliuza nini.

“Kuuza?” Alicheka bila kuinua macho kwenye waya. “Huyo iko nataka kununua. Anasema bosi yake hapana weka kadi ya akiba, siku moja itakufa, watoto ya shule watakosa. Anauliza bei, anaenda. Anarudi, anauliza tena. Bei yangu amejua kuliko mimi.”

Nilitaja hapo awali kwamba Jumatatu alitoka mapema. Sasa nilijua alikokwenda. Kwamba ofisi yetu haikuwa na kadi ya akiba ni kweli, na aliyeikataa ni mimi, kwa maelezo kwamba vitu vya akiba huwashawishi watu kuiba.

Mtu wa haki angekomea hapo. Mimi nilifikiri: labda mwanamke huyu hushirikiana naye. Nikamwambia kwamba kadi yangu imebadilishwa na ninatafuta aliyeibadilisha.

“Ssebo,” alisema, yaani bwana kwa Kiganda, akaiweka chini kazi yake, “wewe iko natafuta mwizi, ama iko natafuta kadi?”

Nikasema vyote viwili.

“Anza na moja.”

Aliunyosha mkono juu, akashusha ruta yenye kutu, ndugu ya ile yetu kwa umbo, akaondoa kadi yake na kuchomeka ya kwangu. Akaiunga na betri na kikompyuta kilichovunjika pembe. Tukangoja. Taa ya redio iliwaka, na kwenye kioo likatokea jina la kampuni iliyotuuzia, herufi kwa herufi, jina nililolizoea kwa miaka miwili.

Nikamwambia huenda mfumo wake huiita kila kadi kwa jina hilo. Hata sasa nikiandika naona aibu, kwa maana nilimwambia hivyo mtu anayenisaidia bure. Hakukasirika. Alichomoa kadi yangu, akachomeka nyingine ya namna tofauti. Likatokea jina lingine. Akarudisha yangu, likarudi lile la kwanza. Kisha akamimina mezani kadi tatu kutoka kwenye kopo la maziwa, kila moja na karatasi ya kampuni yake, akazibandua karatasi kwa kucha. Chini yake mlikuwa na kidude kile kile, na juu ya kidude namba zile zile mbili zilizonitisha Jumanne.

Akanieleza kwa lugha yake iliyo nyepesi kwamba jina ni la muuzaji na namba ni ya mzazi. Mfumo wa zamani ulifundishwa jina la muuzaji. Mfumo usiofundishwa kitu husoma namba tu.

Lilibaki tone. Nilimweleza habari yake, na alikuwa mtu wa kwanza duniani kuelezwa siri hiyo. Aliinusa kadi.

“Ofisi yenu nasafisha na nini?”

Nikasema kwa thina, kile kiyeyusho cha rangi.

Alimwita jirani yake, mwanamke auzaye nywele za bandia na vipodozi, akamsimulia kwa Kiganda, na wote wawili wakacheka mpaka jirani akashika nguzo ya kibanda. “Mzee mzima,” yule mwenye miwani aliniambia akifuta macho, “naficha siri kwa rangi ya kucha, halafu naosha na thina. Ungeuliza mwanamke yeyote.” Kisha akaiinamisha kadi kwenye jua, akanionyesha. Pale pale nilipotia tone palikuwa na duara hafifu la waridi, kama doa la mvinyo kwenye kitambaa kilichofuliwa. Thina niliagiza mimi. Imo katika daftari, kwa mwandiko wangu.

Alikuwa na swali moja zaidi, na aliliuliza akiwa ameshaushika tena waya wake: kabla kadi haijakataa, nilibadilisha nini? Nikasema nilibadilisha kerneli. Na draiva? akauliza.

Draiva ni programu ndogo inayokipa kiini maneno ya kuzungumza na kifaa fulani. Viini vingi huja na draiva za vifaa vingi, lakini ya kadi ile haikuwa miongoni mwake. Niliijenga mwenyewe miaka miwili nyuma, kwa kipimo cha kiini cha zamani, kama fundi cherehani anavyoshona kanzu kwa kipimo cha mtu mmoja. Nilipoleta kiini kipya, kanzu haikumwenea. Jambo hili nalijua kama ninavyojua kusali. Katika orodha yangu ya hatua za kazi limeandikwa: jenga upya draiva ya redio. Jumanne niliruka hatua hiyo kwa sababu, kabla sijaifikia, nilikwisha kumpata mwizi.

Nilirudi Malakia, nikafungua daftari la mfumo, lile ambamo ruta huandika yote yanayoipata tangu inapowashwa. Mstari ulikuwapo. Ulisema kwa lugha kavu kwamba draiva ya redio imekataliwa kwa kuwa ilijengwa kwa kiini kingine. Uliandikwa Jumanne, dakika ile ile taa ilipokosa kuwaka, na ulinisubiri kwa adabu muda wote niliokuwa nikiandika barua.

Alhamisi asubuhi niliijenga draiva upya. Mara ya kwanza ilikataliwa tena, kwa kuwa katika haraka yangu nilichukua msimbo wa toleo linalokaribiana na kiini kipya badala ya lile lenyewe. Mara ya pili nilisoma kila namba kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Kabla ya saa sita mchana taa ya redio iliwaka, na kutoka Sherikat mwalimu mkuu alipiga simu kusema kwamba mtandao umerudi, Mungu atubariki. Msaidizi alikuwa ameketi upande wa pili wa chumba, hana funguo, hana kazi, akisoma ukurasa mmoja wa kitabu cha maelezo ambao haukugeuzwa tangu asubuhi. Sikumtazama.

Kuna kishawishi ambacho sharti nikikiri, maana ndicho kibaya kuliko vyote. Nilitaka kulimaliza jambo kimya kimya. Nilikwenda kwa mkurugenzi, nikaomba barua yangu, nikasema kwamba tatizo limerekebishwa. Aliniuliza kadi imepatikana wapi. Nikasema ilipokuwa. Akauliza mwizi ni nani. Nikasema hapakuwa na wizi. Alitoa barua kwenye mtoto wa meza, lakini hakuiachia nilipoishika.

“Hukumwaibisha chumbani mwangu,” alisema. “Usije ukamwomba radhi chumbani mwangu.”

Ijumaa saa nne, watu wote wanapokuwa kwenye chai, nilisimama. Tulikuwa wanane. Nilieleza kwamba kadi haikuibwa na haikubadilishwa. Kwamba aliyeharibu ruta ni mimi, kwa kubadilisha kiini bila kujenga upya draiva. Kwamba nilimshuku mtu asiye na hatia na kumwandikia barua ya kumfukuza, nayo ni hii. Nikaichana. Sikueleza habari ya baba yangu, kwa sababu ingesikika kama utetezi. Nikasema kwamba ofisi itanunua kadi ya akiba, na kwamba aliyeishauri mara nyingi bila kusikilizwa ni msaidizi wangu. Kisha nikaziweka funguo mbele ya kikombe chake na kumwambia, mbele ya wote, anisamehe.

Mlinzi wa lango alitazama kiatu chake. Msaidizi hakuzigusa funguo. Aliendelea kukoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imekwisha yeyuka zamani, na mimi, nikimtazama, nilikwisha anza tena: anafikiri nini, anataka kulipiza, atanidai nini. Hivyo ndivyo ugonjwa huu ulivyo. Hauponi kwa sababu umeaibika.

Hatimaye aliinua macho.

“Ustaz, ninataka kujua kitu kimoja tu,” alisema. “Lazima mtu fulani alisema si mimi. Wewe hukusema. Mudir hakusema. Hapa ndani hakuna aliyesema. Nikienda nyumbani leo, mke wangu ataniuliza ni nani.”

Ningeweza kumjibu kwamba ni daftari la mfumo, au namba mbili juu ya kidude, au duara la waridi. Vyote hivyo vilikuwa kweli, na vyote vingenisitiri. Lakini namba haikuinua mkono kushusha ruta yenye kutu kwa ajili ya mtu aliyekuja na uongo. Jina halisi la mwanamke yule wa Konyo Konyo sikuliuliza, na hilo nalo ni deni langu. Nilimtajia lile nililosikia soko zima likimwita, naye akalirudia taratibu, akazichukua funguo.

Mama Redio.